Pumzi ya Pipa

Ukiwauliza wazee wa Chake Chake habari za Nyange Ngwali, fundi wa kuchomea, wengi watacheka kwanza. Watakwambia habari za gereji yake iliyokuwa ikinukia ubani kama nyumba yenye harusi, na za zumari yake ya shaba aliyokuwa akiyapulizia mapipa. Watakwambia alikuwa na wazimu kidogo, ama alikuwa na jini. Watu wa mjini ni hodari wa kucheka jambo kabla hawajaliuliza.

Nyange hakuwa mtu wa mjini. Alizaliwa Vitongoji, kwenye ardhi ya mawe, visima vyake vina maji ya chumvichumvi, na mvua ikinyesha kila mwenye sufuria huitoa nje. Baba yao alikufa mapema, yeye akabaki ndiye mkubwa kwa mdogo wake wa kike, Mwanawema. Alipopata nguvu za mikono alivuka kwenda Tanga, akaingia karakana ya shamba moja la mkonge, na huko fundi mmoja wa Kigoa, mzee mkali asiyecheka, akamfundisha kuchomea kwa gesi ya kabaidi.

Fundi huyo alikuwa na amri moja aliyoirudia kila siku. Pipa lililowahi kutiwa petroli haliguswi na moto mpaka lijazwe maji. Petroli haishi kwa kumwagwa, alisema. Hujificha kwenye mapindo, pale bati lilipokunjwa, na jua likipiga hutoka tena kidogo kidogo. Hiyo aliiita pumzi ya pipa. Petroli yenyewe humchoma mtu akapona, lakini pumzi ya pipa tupu haimpi mtu nafasi hata ya kukimbia.

Nyange aliishika amri ile. Aliporudi Pemba mwaka wa hamsini na nne na kufungua gereji yake ya mabati pembezoni mwa mji, mikono yake ilikuwa mizima na macho yake mazima, na hilo kwa fundi wa kuchomea si jambo dogo. Malori ya karafuu yalimjua. Akaoa mke, Mwatum, mwanamke mpole aliyejua kunyamaza naye bila ya kuudhika.

Mwaka wa hamsini na nane Mwanawema alimwomba pipa. Alikuwa ameachwa na mumewe, anaishi Vitongoji na binti yake Moza wa miaka kumi na mitatu, na alichoka kukinga mvua kwa sufuria. Alitaka pipa zima, lenye bilula chini, lisimame ukutani penye mchirizi wa paa. Nyange akatafuta pipa zuri la petroli, akalilaza, pale palipotakiwa bilula pakawa juu, akalijaza maji mpaka karibu na hapo, akachomea. Halafu akamwaga maji, akaliosha kwa sabuni, akalianika, akaliziba tundu la juu kwa kizibo cha mti.

Siku ya Alkhamisi Mwanawema akaja kulichukua, amepanda lori la Abrahman dereva. Nyange alikuwa amelala chini ya basi, miwani myeusi usoni, tochi inavuma. Mwanawema akainama, akauliza, "Kaka, tayari?"

"Tayari," akajibu.

Basi. Neno moja, wala hakuvua miwani.

Katika nyumba za kwao maji ya kunywa hayatiwi chombo kipya kikavu hivi hivi. Chombo hufukizwa. Chetezo huwekwa chini na makaa yake, ubani hutiwa, na mtungi hufunikizwa juu yake kwenye mawe mawili, mdomo chini, mpaka udongo unywe moshi. Hapo maji yake hunukia, na mgeni akinywa hujua ameheshimiwa. Mwanawema alipolinusa pipa lake akasikia bado lina harufu ya petroli. Mwanamke wa Vitongoji akisikia chombo cha maji kinanuka atafanya nini? Ijumaa, wanaume wako msikitini, Moza ametumwa kisimani, akawasha chetezo, akatia ubani, akalipindua pipa juu ya mawe mawili.

Pwani walisikia mshindo wakadhani watu wanapasua miamba kwa baruti. Moza aliporudi na ndoo kichwani akakuta watu wamejaa uani na kanga imemfunika mama yake uso.

Nyange alipofika maiti ilikwisha kuoshwa. Uani palikuwa na vipande vya chetezo, na pipa lililofumka kitako. Na palikuwa na mawe mawili, yamekaa palepale, hayakusogea hata shubiri. Aliyatazama mawe yale akaelewa yote kwa mara moja. Alikuwa ameyatumia maji kujikinga mwenyewe. Kwa dada yake alitoa neno moja tu, na neno lenyewe halikuwa kweli.

Ilikuwa aseme siku ile. Lakini kabla hajafungua kinywa, watu walikuwa wameshapata jibu lao. Mwanawema alirithi jini kwa bibi yake, walisema. Alikaa miaka hakulilisha, nalo likamtokea pipani. Mzee mmoja alimshika Nyange bega akamweleza hayo kwa yakini kubwa, kama aliyekuwapo. Siku ile Nyange akanyamaza kwa sababu watu walishamjibia. Siku ya pili akanyamaza kwa sababu jana alinyamaza. Ikaja hitima, ikaja arobaini, na kunyamaza kukawa ndiyo hali yake.

Tangu hapo hakuweza kustahamili ubani. Mwatum alikitoa chetezo nyumbani bila ya kuombwa. Kwenye maulidi Nyange alikaa mlangoni, na chetezo kikianza kuzunguka alitafuta viatu vyake. Lakini harufu si kitu cha kukikimbia. Alikuwa ameinama kazini, mahali hapana ubani wala makaa, na ubani ukamjia puani, mpya, kama umetiwa sasa hivi. Na kila alipoizima tochi, katika ule ukimya unaobaki sikioni baada ya mvumo, alisikia sauti nyuma ya bega lake: Kaka, tayari? Mwanzoni aligeuka. Baadaye aliacha kugeuka, maana kugeuka na kukuta hapana mtu kulimuuma zaidi.

Ndipo alipoanza kuitengeneza zumari.

Alitaka chombo cha kuitoa pumzi ya pipa yote, isibaki hata ya kuwashia kibiriti. Alifikiri sana juu ya sufuria ya wali, namna mvuke unavyoingia kila mahali chini ya kifuniko. Akachukua pipa dogo la mafuta ya kula, akalifanya birika la kuchemshia maji, na juu yake akaacha tundu lenye kizibo chepesi, ili mvuke ukizidi ujitokee wenyewe. Akaliinjika kwenye mafiga nyuma ya ukuta wa mawe, moto wa makumbi ya nazi, mbali na mapipa. Kutoka hapo akapitisha bomba refu la shaba alilolifumua katika lori bovu, kisha mpira wa rejeta, na mwisho wa mpira akafunga kipande cha shaba cha urefu wa mkono, alichokitoboa vitundu kwa keekee. Mvuke ulipopita vitunduni ulipiga mluzi. Watu ndio walioiita zumari.

Ya kwanza haikufaa. Alilipulizia pipa saa nzima likiwa limesimama, akangoja lipoe, akafunga kaa la moto kwenye ncha ya upondo mrefu, akajificha nyuma ya ukuta na kulinyooshea. Pipa likakohoa na kaa likaruka juu ya paa. Alikaa chini pale pale. Mwatum aliyemletea chakula alimkuta hivyo, akakaa naye mpaka chakula kikapoa.

Ilimchukua miezi kujua kosa lake. Alikuwa akipiga mvuke ubavuni, na mapindo ya kitako yakabaki baridi. Akaikunja ncha ya zumari kama kiwiko, ili aweze kuizungusha na kuyapiga mapindo yote, juu na chini. La pili lilikuwa gumu zaidi kulikubali. Gesi ya petroli ni nzito, hulala chini. Pipa likisimama haiwezi kutoka kwa tundu la juu. Lazima lipinduliwe, mdomo chini, juu ya mawe mawili. Siku aliyoligundua hilo alifunga gereji kabla ya adhuhuri akaenda nyumbani, maana aliona dhahiri namna pumzi ile ilivyomwagika moja kwa moja juu ya makaa ya Mwanawema. Kesho yake alirudi, akapanga mawe mawili, akalipindua pipa, akapuliza.

Kufika mwaka wa sitini chombo kilikuwa tayari. Saa mbili za mvuke, pipa lote la moto mpaka pindo la mwisho, kisha kaa kwenye upondo, mara tatu, na lisitoe hata kikohozi. Hakuchomea tena pipa wala tangi lisilopita hapo. Wenye malori walinung'unika kucheleweshwa, yeye akawaambia wapeleke kwengine. Moyoni alidhani kwamba akikitengeneza chombo vizuri vya kutosha, hatalazimika kusema.

Kumbe walioko Vitongoji hawakuwa na zumari ya kujifichia. Moza alilelewa na Bi Kazija, mama mdogo wa marehemu mama yake, aliyehamia kwao, na akawa msichana mrefu, mwenye haya na maneno machache. Kwenye nyumba yao wanawake waliingia, wakakaa, na wakipewa maji walisema wamefunga. Jini hurithiwa, walinong'ona. Posa ya kwanza ilivunjika hata kabla ya siku kupangwa. Waganga wawili walikuja wakaenda. Nyange alituma mchele, alituma nguo za sikukuu, na alipokwenda mwenyewe alizungumza na Bi Kazija huku akiitazama mikeka.

Mwaka wa sitini na moja, mwaka watu walipokuwa hawasalimiani kwa ajili ya vyama, ilikuja posa ya pili. Ilitoka mbali, Msuka, kwa Mzee Matano, anamtakia mwanawe Hamad. Furaha haikumaliza mwezi. Walipolisikia lile jambo la jini wakaleta ujumbe: watakuja Ijumaa baada ya sala ya alasiri, na posa itasimama kwa sharti moja. Moza akae kilingeni kwa mganga siku saba, jini litolewe, na yeye mwenyewe aseme mbele ya watu kwamba mama yake ndiye aliyelifuga. Asipokubali, warudishiwe vitu vyao. Na kila mtu alijua kwamba posa ya tatu haitakuja.

Alkhamisi asubuhi Moza akatokea gerejini. Hajawahi kufika hapo peke yake. Akamwamkia mjomba wake, akasimama kando ya mlango, kanga ameishika kidevuni.

"Mjomba, nataka pipa," alisema. "Lenye bilula. Kama lile la mama."

Nyange alimuuliza la nini, naye akajibu bila ya kupandisha sauti.

"Kesho wakija nitalifukiza mbele yao. Kama jini lipo, linchukue na mie. Kama halipo, wende zao na maneno yao. Mie mamangu sintii aibu kaburini."

Nyange akasema hana pipa. Ulikuwa uwongo, maana matatu yalikuwa nyuma yake, na Moza aliyaona.

"Basi," alisema. "Nshamwomba Abrahman, yeye analo moja tupu. Lile la petroli, na bado linanuka. Nitafukiza hilo hilo."

Nyange akahisi kama sakafu imemkimbia. Mtoto huyu hakuwa akitisha mtu. Alikuwa ameshaamua, na alisimama vile vile alivyosimama mama yake, mguu mmoja mbele. Akamwambia arudi nyumbani, asiguse pipa lolote, kesho atakuja nalo yeye mwenyewe.

Alifanya kazi siku nzima mlango umefungwa. Alichukua pipa lililokwisha kupigwa mvuke, akalichomea bilula, akalipindua tena juu ya mawe, akawasha makumbi. Mvuke ulipoanza kupita, zumari ikalia, na ndani ya mluzi ule sauti ikaja kama inavyokuja siku zote, Kaka, tayari? Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu akaijibu. "Bado," alisema kwa sauti, peke yake. Akaendelea kuizungusha ncha, pindo kwa pindo. Kila ilipouliza alisema bado.

Ijumaa Abrahman akampeleka, pipa nyuma ya lori. Uani kwa Bi Kazija kulitandikwa mikeka. Mzee Matano na jamaa zake wanne walikuwa wameshakaa, majirani wamejaa mlangoni na juu ya kuta, maana watu wetu wakisikia harufu ya aibu hawakosi. Nyange alilishusha pipa. Akaomba mawe mawili. Akaletewa, na alipoyatazama akaona ni yale yale ya Mwanawema.

Moza akatoka na chetezo. Ubani ukampiga Nyange usoni, wa kweli safari hii. Mbele ya watu wote akauendea mkono wa mtoto akakichukua chetezo, akakiweka chini. Kisha akasema, si kwa ufasaha, maana hakuwa mtu wa maneno.

"Hapana jini hapa. Hakukuwa na jini. Mwanawema kauliwa na pumzi ya petroli iliyobaki kwenye mapindo, na mie n'lijua inabaki. N'lifunzwa Tanga. Pipa lile n'lilijaza maji nilipolichomea, nisiungue mie. Kaja kuniuliza, 'Kaka, tayari?' Nikamwambia tayari. Sikumwambia asilikurubishe moto. Hata miwani sikuivua."

 Mtu mmoja ukutani alijaribu kukohoa, akajizuia.

Nyange akawaambia watu wote watoke, wakajifiche nyuma ya ukuta wa mawe. Wakatoka upesi sana, na wale waliokuwa hodari wa habari za jini ndio waliotangulia. Moza hakutoka. Nyange alimwambia mara mbili, naye akabaki pale pale kando ya mti wa mkungu, mikono kaifungata kifuani, anamtazama.  Nyange akasukuma chetezo baina ya mawe, akatia ubani mwingine, akalikumbatia pipa, akalipindua juu ya moto kwa mikono yake, na hakuondoka. Aliegemeza shavu kwenye bati. Alisikia ubani ukichemka chini, na moyo wake, na basi. Moshi mweupe ukaanza kutoka taratibu kwa bilula. Akakaa hivyo mpaka ubani ukaisha.

Watu walirudi mmoja mmoja. Mzee Matano alikaa mkekani, anachezea tasbihi. Halafu akageuka upande wa Moza.

"Mwanangu," alisema, "nna kiu. Nipe maji ya humu ndani."

Bi Kazija akaanza kulia. Moza akaenda mtungini, akaleta maji kwa kata, Mzee Matano akayanywa yote, na baada yake jamaa zake wote wanne. Habari za kilinge hazikutajwa tena.

Nyange alingoja Moza aje kwake. Akaja, akasimama mbele yake, macho makavu.

"Miaka mitatu, mjomba," alisema. Akageuka akaingia ndani.

Harusi ilifanyika, na Nyange alikaa kwa wanaume akala wali ambao hakuusikia ladha. Moza akaenda Msuka na pipa lake. Hakumletea salamu. Mjini, habari zilifika kabla yake. Wako walioacha kumpa kazi, na wako waliompita njiani wakitazama upande mwengine. Hakuwalaumu. Alichofanya ni kumwambia Mwatum arudishe chetezo, si nyumbani, gerejini. Tangu hapo hakulitoa pipa lolote mlangoni mpaka kwanza alipige mvuke, na akishamaliza alifukize kwa ubani yeye mwenyewe, shavu juu ya bati, na amwambie mnunuzi kwa maneno kamili kila alichokuwa akikijua. Harufu ile iliyokuwa ikimfukuza maulidini aliivuta kila siku. Sauti haikuondoka. Iliuliza, naye akajibu. Hayo ndiyo watu waliyoyaona wakacheka.

Mwaka wa pili wake, msimu wa karafuu ukikaribia, alikuwa amelala chini ya lori, miwani myeusi usoni. Akazima tochi, na katika ukimya akasikia nyuma ya bega lake, "Mjomba, tayari?"

Alikaa kidogo bila ya kusogea. Sauti ile siku zote ilimwita kaka. Akageuka, na safari hii palikuwa na miguu miwili ya mtu, na ukingo wa kanga yenye vumbi la safari. Akajitoa chini ya lori. Moza alikuwa amesimama na mtoto mchanga begani, nyuma yake Abrahman anashusha pipa tupu. Lile la Msuka halitoshi tena, alisema, wamekuwa wengi. Neno alilouliza alikuwa amelichagua. Nyange aliliona hilo machoni mwake.

Akavua miwani. Akaipangusa kwa shati, akaiweka juu ya benchi, akamtazama usoni.

"Bado, mwanangu," alisema. "Kaa uone mwenyewe."

Moza akampa Abrahman mtoto akae naye kule mbali, upande wa barabarani. Kisha akakunja mikono ya nguo yake, akashika pipa upande mmoja, na Nyange akashika upande wa pili, wakalipindua juu ya mawe.